Ile "e" ya Bluu Ilikwenda Wapi?

Wale mliotua mwezi wa tisa, karibuni kwenye baridi. Mtazoea, au mtajifanya mmezoea kama sisi.

Mhariri ananidai makala tangu muhula uliopita, nami nimekuwa nikimpiga chenga. Kilichonifanya nikae chini niandike ni ile jioni ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenyeji wa Tanga, alitaka kutuonyesha picha za kwao, na laptopu ya jumuiya (mnaijua, ile iliyochoka) ikagoma kufungua tovuti. Mimi, kama kaka wa zamani hapa chuoni, nikamwambia, "Bofya ile e ya bluu, mdogo wangu." Akatazama skrini, akanitazama mimi. "E gani, kaka?" Nikaeleza: ile herufi e, ya bluu, ina kamkanda kanaizunguka, ile ya intaneti bwana! Akacheka kwa adabu, akasema amewahi kumsikia mama yake akiitaja. Nikamwuliza amezaliwa lini. 2006. Nikanyamaza.

Kwa watu wa umri wangu tuliokulia Dar, Mombasa au Kampala, ile e haikuwa programu ya kuingilia kwenye intaneti. Ilikuwa ndiyo intaneti yenyewe. Ulikuwa unakaa kwenye kiti cha plastiki pale kafe, unamwambia kijana wa kaunta "nifungulie intaneti", naye anabofya e mara mbili, basi, saa yako imeanza kuhesabiwa. Hakuna aliyeuliza kama ziko nyingine. Jina lake kamili ni Internet Explorer, mali ya kampuni ya Microsoft, na kwenye mwaka 2003 hivi zaidi ya watu 90 katika kila 100 waliokuwa wakifungua tovuti duniani walipitia humo. Tarehe 15 Juni 2022 wenyewe wakatangaza kwamba basi, imestaafu.

Nataka nieleze jinsi kitu kikubwa namna ile kinavyokufa, kwa sababu hakikufa kama wengi wanavyodhani. Na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mwaka mzima kwa ajili ya kitufe kimoja kwenye fomu. Nitafika huko.

Kwanza kwa wale wenzetu wa sheria na famasia: programu ya aina hii tunaiita kivinjari, au brauza kwa lugha ya mtaani. Tovuti haisafiri ikiwa imeshachorwa. Inakuja kama maandishi makavu yenye alama: hapa pana kichwa cha habari, hapa weka picha, kisanduku hiki kiwe na upana kadhaa. Kivinjari kinasoma alama hizo na kukuchorea ukurasa. Ni kama kumpelekea fundi cherehani karatasi ya vipimo. Ukiwapa mafundi wawili karatasi moja, na futi zao ziko sawa, utapata mashati mawili yanayofanana. Fundi mmoja akiwa na futi yake ya peke yake, yenye inchi zisizolingana na za wenzake, shati lake litakuja na mkono mrefu. Ndiyo maana mwaka 1994 Tim Berners-Lee, yule Mwingereza aliyebuni mtandao wa tovuti, alianzisha chombo kinachoitwa W3C: kukubaliana futi moja kwa mafundi wote. Shikeni hilo la futi, tutarudi kwake.

Sasa, kabla ya e kulikuwa na N. Mwaka 1993 vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakiongozwa na Marc Andreessen na Eric Bina, walitoa kivinjari kinachoitwa Mosaic, na ndicho kilichowafanya watu wa kawaida wapende tovuti kwa kuwa picha zilionekana humo humo pamoja na maandishi. Andreessen alikuwa mwanafunzi, tena wa shahada ya kwanza (wale mnaosema "niko bize na masomo" mnasikia?). Aprili 1994 akaungana na tajiri mmoja wa kompyuta, Jim Clark, wakaanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Netscape. Kivinjari chao, Navigator, kilienea kama moto wa nyika. Tarehe 9 Agosti 1995 kampuni hiyo, yenye umri wa miezi 16, ikauza hisa zake kwa umma kwa dola 28 kila moja, na soko lilipofungwa jioni hisa ilikuwa imefika dola 58 na senti.

Microsoft walikuwa wamechelewa. Bill Gates aliwaandikia wakuu wake waraka mwezi Mei mwaka huo huo kuwaambia kwamba intaneti sasa ndiyo jambo la kwanza. Hawakuwa na muda wa kutengeneza kivinjari tangu mwanzo, wakanunua leseni kutoka kampuni ya Spyglass, ambayo nayo ilikuwa imepewa haki ya Mosaic na Chuo cha Illinois. Yaani kumbe N na e walikuwa ndugu wa nyumba moja! Spyglass walikubaliana kulipwa malipo ya mwanzo pamoja na fungu la mapato ya mauzo. Basi Microsoft wakaanza kukitoa kivinjari bure. Fungu la bure ni kiasi gani? Mwaka 1997 Spyglass wakakubali dola milioni 8 yakaisha.

Neno hilo "bure" ndilo lililoiua Netscape, lakini halikutosha peke yake. Navigator nayo wanafunzi tulipewa bure. Waliotakiwa kulipa, karibu dola 50, ni makampuni na watu wengine. Kilichofanya kazi hasa ni mlango. Kompyuta nyingi mno duniani zilikuja na Windows, na e ikawekwa humo ndani tayari, usoni kabisa. Mwaka 1996 Microsoft wakaafikiana na AOL, kampuni iliyokuwa ikiwaunganisha Wamarekani wengi na intaneti, watumie e ndani ya programu yao. Kwa malipo, AOL wakapewa nafasi kwenye uso wa Windows. Agosti 1997 wakaweka dola milioni 150 ndani ya Apple, iliyokuwa hoi wakati huo, na Apple wakakubali e iwe ndiyo kivinjari cha Macintosh kwa miaka mitano. Mtu hakatazwi kutumia kingine. Ila nani ataenda kutafuta maji kisimani na bomba liko jikoni?

Kuna kisa nakipenda cha usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1997, lilipotoka toleo la 4. Watu wa Microsoft walibeba sanamu kubwa ya herufi e, wakaenda kuitupa kwenye majani mbele ya ofisi za Netscape kule Mountain View, California. Wa Netscape wakaiangusha kifudifudi, wakaweka juu yake sanamu ya mjusi wao mkubwa anayeitwa Mozilla, akiwa na bango: Netscape 72, Microsoft 18. Hizo zilikuwa asilimia za soko. Baada ya kama miaka miwili hivi tarakimu zikawa zimegeuka.

Na hapa niseme ukweli, maana wapenzi wa Netscape hupenda kusimulia kama vile ni wizi mtupu. Toleo la 4 na la 5 la e lilikuwa zuri. Lilikuwa na kasi, halikugandaganda kama Navigator 4, na ndani yake mafundi wa Microsoft waliweka, mwaka 1999, mbinu ya ukurasa kuomba habari kwenye seva bila kujifungua upya wote. Jambo dogo, utasema. Lakini ndiyo iliyofanya Gmail (2004) na ramani za Google (2005) ziwezekane. Wakati huo Netscape waliamua kuitupa programu yao na kuiandika upya tangu mstari wa kwanza, na wakati wanaandika, dunia haikuwasubiri. Toleo lao la 6 lilitoka Novemba 2000, zito, na watu walishahama.

Serikali ya Marekani na majimbo kadhaa waliishitaki Microsoft Mei 1998 kwa ukiritimba. Jaji Thomas Penfield Jackson akaamua kampuni ivunjwe vipande viwili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikafuta adhabu hiyo lakini ikakubali kwamba sheria ilikuwa imevunjwa, kisha pande mbili zikapatana. Netscape ilikuwa imeshanunuliwa na AOL. Kesi ilikwisha, na mgonjwa alikuwa ameshazikwa.

Hapo ndipo hadithi yangu hasa inapoanza, kwa sababu watu hudhani e iliuawa na Firefox au na Chrome. Mimi nasema ilianza kufa siku iliyoshinda.

Toleo la 6 lilitoka Agosti 2001. La 7 likatoka Oktoba 2006. Hesabuni: miaka mitano na zaidi, katika fani ambayo miezi sita ni umri. Hawakuwa na mpinzani, basi timu iliyokuwa imejenga e wengi wao wakahamishiwa kazi nyingine. Mwaka 2003 wakasema wazi kwamba hakutakuwa tena na toleo la kujitegemea. Kivinjari kipya kitakuja na Windows mpya. Na Windows mpya yenyewe ikachelewa, ikachelewa, mpaka mwanzoni mwa 2007. Kwa nini walegee hivyo? Wengine wanasema ni uvivu wa mshindi. Mimi naona kulikuwa na hesabu pia: Microsoft waliishi kwa kuuza Windows na Office, na kivinjari kizuri mno kinamfanya mtu afanye kazi zake zote ndani ya tovuti, asijali tena anatumia kompyuta gani. Waliingia vitani kuizuia hatari hiyo. Walipoizuia, hawakuwa na sababu ya kuiendeleza wenyewe.

Kwetu kafe tuliyaona matokeo bila kujua sababu. Unafungua ukurasa mmoja, vinaruka vidirisha 10 vya matangazo, vingine vya aibu, na pembeni amekaa mama wa watu anasubiri barua pepe ya mwanawe. Ukurasa wa kwanza unabadilika wenyewe. Juu ya dirisha zinajipanga mistari ya vitufe ambayo hakuna aliyeiomba, mpaka nafasi ya kusomea inabaki kama kipande cha khanga. Chanzo kimojawapo kilikuwa kitu kinachoitwa ActiveX. Kiliiruhusu tovuti kuleta programu kamili ndani ya kompyuta yako, na ukishaikubali (au ikipata mwanya wa kutokuuliza) inaweza kufanya chochote unachoweza kufanya wewe: kufuta faili, kuandika, kusoma. Wezi waliupenda sana mlango huo. Juni 2004 hali ikafika mahali ambapo kitengo cha serikali ya Marekani cha usalama wa kompyuta kilitaja, miongoni mwa njia za kujikinga, kutumia kivinjari kingine. Serikali yenyewe hiyo!

Mwenye kafe yetu pale Kariakoo, tuliyemwita Anko, alichoka. Kila wiki alikuwa anamlipa fundi kuzisafisha mashine. Mwaka 2006 mpwa wake mmoja akamletea kwenye sidii kivinjari kipya, Firefox, akakiweka kwenye mashine zote na e akazificha. Vidirisha vikakoma. Tulimwona Anko mjanja kuliko wote mjini.

Basi bwana, mwaka ule ule nikapata habari za ufadhili wa masomo. Fomu iko kwenye tovuti, mwisho saa kumi na moja jioni za huku Uingereza, yaani saa moja usiku za nyumbani. Kosa langu la kwanza ni kungoja siku ya mwisho, hilo nakubali. Nikakaa kwa Anko tangu saa saba mchana. Nikajaza majina, shule, wadhamini, nikaandika insha ya kwa nini mimi na si mwingine, kwa kamusi pembeni. Saa kumi kasoro nikabofya kitufe cha kutuma. Kimya. Nikabofya tena. Kimya. Hakuna kosa lililotajwa, hakuna onyo, ukurasa unanitazama tu. Anko akaja, kijana wa kaunta akaja, na mteja wa mashine ya jirani naye akatoa ushauri. Tukaanza upya, matokeo yale yale. Ndipo yule kijana akashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, akasoma maandishi madogo ya kijivu: tovuti hii imetengenezwa kwa Internet Explorer.

Sasa Anko, kwa ujanja wake, alikuwa ameziondoa e kiasi kwamba hata yeye hakujua azirudishe vipi. Nikatoka mbio mpaka kafe ya Mnazi Mmoja. Mnaoukumbuka mgao wa umeme wa 2006 mnajua nilichokikuta. Giza. Nikapanda daladala mpaka Posta, kwenye kafe yenye jenereta, na foleni yake ilikuwa ya watu wote wa mji ule wasio na umeme. Nilipoipata mashine, insha naikumbuka nusu nusu, nikaandika kwa haraka, nikabofya. Kitufe kikafanya kazi safi kabisa. Jibu likaja mara moja: maombi yamefungwa.

Ofisi ile siitaji, na waliokuwepo naamini walishaondoka. Nilingoja mwaka mmoja. Anko alinionea huruma akanipa kazi ya kaunta, na ndiko nilikoanza kujifunza haya mambo, kwa hiyo mkitaka mnaweza kusema nilipata faida. Mama yangu hakusema hivyo.

Kilichotokea nilikuja kukielewa nikiwa mwaka wa pili hapa chuoni. Aliyeitengeneza fomu ile aliandika maagizo ya kitufe kwa lugha inayoitwa VBScript. Ni lugha ya Microsoft, na katika vivinjari vilivyoenea ni e peke yake iliyokuwa ikiielewa. Firefox ilipokutana nayo iliiruka tu, kama mtu anavyoruka aya ya lugha asiyoijua. Ile ndiyo futi ya peke yake niliyosema. Na kulikuwa na nyingine nyingi: toleo la 5, kwa mfano, lilipima upana wa kisanduku likijumlisha na nafasi za ndani na mipaka yake, wakati kanuni ya W3C ilisema upana ni wa kilichomo tu. Fundi wa tovuti akipanga ukurasa ukae sawa kwenye e, kwingine unavurugika. Akifuata kanuni, kwenye e unavurugika, na e ndiyo wateja 90 kati ya 100. Wewe ungechagua ipi? Simlaumu sana aliyechagua e. Lakini kila aliyechagua hivyo aliweka tofali moja kwenye ukuta, na baadaye ukuta ule ukawafungia ndani wao wenyewe.

Waliofungiwa hasa ni Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walitengeneza utaratibu wao wenyewe wa kulinda miamala ya benki mtandaoni, kwa kuwa ulinzi mzito wa Kimarekani ulikuwa na vikwazo vya kusafirishwa nje. Utaratibu huo ukawa unaendeshwa kwa ActiveX. Nchi yenye intaneti ya kasi kuliko karibu nchi zote ikajikuta, miaka 15 baadaye, haiwezi kulipa bili wala kununua tiketi bila e. Sharti la kisheria la vyeti vile vya kidijitali lilifutwa Desemba 2020 tu.

Wakati e imelala, Netscape ilifufuka kwa jina jingine. Mwaka 1998, kabla ya kununuliwa, ilikuwa imeitoa programu yake iwe huria, mtu yeyote auone msimbo wake na kuurekebisha. Julai 2003 AOL walipowaachisha kazi mafundi wa mwisho, mradi ukabaki mikononi mwa taasisi ya Mozilla, jina la yule mjusi. Firefox 1.0 ikatoka tarehe 9 Novemba 2004. Mmoja wa waanzilishi wake, Blake Ross, alikuwa na umri wa miaka 19 na ni mwanafunzi wa Stanford. Hawakuwa na Windows ya kupandia. Watu walikuja mmoja mmoja, wakisimuliana, kama mpwa wa Anko na sidii yake.

Microsoft wakaamka. Toleo la 7, la 8 mwaka 2009, la 9 mwaka 2011 ambalo kwa kweli lilikuwa zuri. Lakini sasa walikuwa wanapigana na mzuka wao wenyewe: toleo la 6 halikutaka kufa. Maofisi yalikuwa yamejenga mifumo ya mishahara na ghala juu yake, na kubadilisha kivinjari maana yake ni kuandika mfumo upya. Januari 2010, baada ya wadukuzi kupitia tundu la e kuingia kwenye makampuni makubwa ikiwemo Google, serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi wao watumie kivinjari kingine kwa muda. Mwaka uliotangulia vijana wachache wa YouTube, bila kusubiri ruhusa ya wakubwa wao, waliweka tangazo juu ya video kuwaambia wenye toleo la 6 kwamba karibu hawatahudumiwa. Na Machi 2011 Microsoft wenyewe wakafungua tovuti ya kuhesabu siku, wakiwasihi watu waache kutumia bidhaa yao. Sijaona kampuni nyingine ikiomba msaada wa kuua mtoto wake.

Chrome ya Google, iliyozaliwa Septemba 2008, ilimalizia tu. Ilikuwa na kasi, ilijisahihisha yenyewe bila kumsumbua mtu, na ilitangazwa mahali ambapo kila mtu anapita, kwenye ukurasa wa kutafutia wa Google. Mnaona? Mlango ule ule, bomba la jikoni lile lile. Kwenye mwaka 2012, kwa hesabu za StatCounter, ikaipita e duniani. Kwetu Afrika Mashariki sababu ilikuwa nyingine tena: nyaya za chini ya bahari zilipofika 2009 na bei zikaanza kushuka, wengi hawakununua kompyuta, waliingia kwa simu. Kwenye simu ndogo za Nokia tulitumia Opera Mini, iliyokuwa ikiupunguza ukurasa kwenye seva zake kabla haujafika kwako ili usile salio. E kwenye simu haikuwa na maana yoyote. Binti wa Tanga hakuikataa e. Hakukutana nayo njiani.

Mwaka 2015 Microsoft walileta kivinjari kipya, Edge, na Januari 2020 wakakibadilisha ndani kikawa kinatumia injini ile ile ya Chrome. Yaani waliouteka mtandao mzima leo wanashona kwa futi ya Google. Juni 2022, e ilipostaafishwa, mhandisi mmoja wa Korea alitumia won 430,000 kuichongea jiwe la kaburi, akaliweka juu ya mkahawa wa kaka yake mjini Gyeongju. Juu yake aliandika kwamba marehemu alikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Watu walipanda kwenda kupiga nalo picha.

Nimeulizwa kama Chrome nayo itakwenda njia hiyo. Sidhani, angalau si kwa namna ile. Inatoa matoleo mapya kila baada ya wiki chache, na sehemu kubwa ya msimbo wake iko wazi. Lakini inashika takribani theluthi mbili ya matumizi yote, na injini kubwa zilizobaki duniani ni tatu tu: ya Google, ya Apple, na ya Mozilla, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa Google hao hao. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google wamelinda ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 akakataa kuwaamuru waiuze Chrome. Mimi kinachonishtua si mahakamani. Mwaka huu nimejaza fomu mbili zilizoniambia "tafadhali tumia Chrome", moja ya nyumbani na moja ya hapa. Maandishi yamekuwa makubwa na ya rangi nzuri, lakini nayajua. Wale mnaosoma kompyuta na mnaopanga kurudi kutengeneza mifumo ya halmashauri, vyuo na bodi za mikopo, jaribuni kazi yenu kwenye vivinjari viwili vitatu kabla ya kuikabidhi, na kwenye simu ya bei ndogo. Ni kazi ya alasiri moja.

Na e yenyewe haijazikwa yote. Ndani ya Edge wameacha chumba cha kufungulia tovuti za zamani kwa injini ile ya e, na wameahidi kukiacha angalau mpaka 2029, kwa ajili ya maofisi yaliyokwama. Hivi majuzi binamu yangu alinipigia simu kutoka ofisini kwake nyumbani, anahema. Ripoti inatakiwa saa hiyo, bosi amesimama mlangoni, na mfumo wao wa zamani haufunguki kwenye kompyuta mpya. Nikamwelekeza kwa simu: ingia kwenye mipangilio, tafuta panaposema Internet Explorer, ruhusu, sasa fungua ukurasa upya.

"Kaka," akasema, "kuna kaherufi ka e kadogo kametokea pale juu kwenye anwani."

"Ka bluu?"

"Ka bluu."

"Kitufe cha kutuma unakiona?"

"Nakiona."

"Basi bofya haraka."